Chupa Yenye Gololi

Wale waliomwita mchawi hawakuwahi kumwona akichanganya dawa. Mimi nilimwona. Tulikaa jirani Cimpunda, hapa Bukavu, miaka mingi, nyumba yake juu, yangu chini, bati lake likichungulia ua wangu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema vibaya ni mimi, maana niligombana naye kuliko watu wote wa avenue yetu. Kwa hiyo kabla hamjasikiliza ya mitaani, nisikilizeni mimi.

Tulimwita Papa Labo. Jina la ubatizo alikuwa nalo, mapadri walilijua, sisi hatukulihitaji. Labo ilikuwa kile chumba chake cha mbao nyuma ya nyumba, kisicho na dirisha hata la panya, ambamo alisafisha picha tangu enzi za filimu. Zamani hizo harusi zote za Kadutu, komunyo zote, na maiti wengi tu waliovalishwa suti ya mwisho, walipita mikononi mwake. Simu za picha zilipokuja, kazi ikaisha. Yeye hakufunga. Aliendelea kufagia kile chumba kila asubuhi na kupangusa chupa zake, na ukimwuliza anamsubiri nani anakuangalia kama umemtukana.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa lengalenga, mchicha wetu wa huku. Nilipanda tuta zuri kando ya mfereji, likachipua, halafu siku moja nikakuta limekauka lote kana kwamba mtu amelimwagia maji ya moto. Nikapanda kule juu nikiwa nimefunga kitenge kiunoni, mnajua maana yake. Nikamkuta anamwaga beseni la maji ya kahawia mferejini, taratibu, bila haya.

"Papa, maji gani hayo?"

"Ni dawa yenye imechoka," akasema.

"Imechoka ikakuja kulala kwangu? Mboga zangu zimekufa zote!"

Akainama kuangalia chini kwenye ua wangu, akatikisa kichwa. "Mimi nilizania ni kuku zako."

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Kesho yake nikasikia jembe. Alikuwa anachimba shimo lake mwenyewe nyuma ya labo, mzee mzima, jasho linamtiririka, na tangu siku hiyo tone la dawa yake halikuonekana tena kwenye mfereji wangu. Msamaha hakuomba, wala mimi sikumshukuru.

Kucha zake zilikuwa za kahawia mpaka kwenye mzizi, kama za mtu anayemenya ndizi mbichi kutwa. Ilikuwa dawa, haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Na kucha hizo zilimponza. Huku kwetu anayekupa kinywaji anakifungua mbele yako na kukionja kwanza, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, kwa sababu ya karuho, ile sumu ambayo Bukavu nzima inaizungumza na hakuna aliyewahi kuishika mkononi. Mtu akikonda, karuho. Akitapika, karuho. Papa Labo alilijua hilo vizuri. Ukimtembelea anamimina chai, anakunywa nusu kikombe chake mbele yako, anafungua mdomo uone amemeza, ndipo anakusukumia chako. Na bado watu wakiziona zile kucha wanasema wamefunga, au tumbo linawauma. Mimi nilikunywa chai yake. Ilikuwa chai mbaya, sukari alikuwa anaihesabu, lakini nilikunywa.

Kuchanganya dawa kulikuwa misa kwake. Maji ya robine, ya bomba, hakuyataka, alisema yana matope na kiburi. Alitaka ya mvua, wala si mvua ya kwanza, kwa sababu hiyo inaosha bati. Aliyachemsha, akayapitisha kwenye kitambaa cheupe, akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kuvumilia bila kupenda. Unga ulikuwa wa namna nyingi na kila mmoja aliupa cheo. Kulikuwa na mlinzi, ambaye kazi yake ni kuzuia hewa isiile dawa. Kulikuwa na mpole, anayetoa sura polepole, na mkali, anayetoa weusi. "Mulinzi anaingia kidogo, anasimama ku mulango," aliniambia. "Kiisha mupole anaingia. Kiisha mulinzi anarudia na nguvu yake yote. Ukimutanguliza mulinzi wote mara moja, mupole anakatala kuingia, anabakia chini kama muchanga."

Siku hiyo alikuwa ameumia mkono, akaniomba nimkorogee. Mimi nikashika kijiti nikakoroga kama ninavyojua.

"Maman Furaha! Unasonga bugali?"

"Si umesema nikoroge?"

"Unaingizamo hewa! Hewa njo adui! Polepole, kama unapapasa mutoto ana homa."

Nilitaka kumrushia kile kijiti. Lakini nilikoroga polepole, na kweli, ule unga ukayeyuka bila povu, maji yakabaki meupe kama hayana kitu ndani. Mchanganyiko wa namna hiyo aliuita mama. Mama hatumiwi hivi hivi. Mama analala siku nzima, kisha anatunzwa, na siku ya kazi unachota kidogo kutoka kwake, unaongeza maji, unafanya kazi, na hicho ulichochota unakitupa. Mama anabaki chupani.

Chupa zilikuwa za bia, zile za kahawia, kwa sababu mwanga nao ni adui. Hakubandika maandishi. "Giza haisomake," alisema. Alifunga kamba shingoni mwa chupa: fundo moja ni revelateri, ile dawa inayotoa sura. Mafundo mawili ni fiksateri, ile inayoishika sura isipotee ukiitoa kwenye mwanga. Alizipapasa gizani na hakuwahi kukosea. Na ile ya fundo moja ndiyo ilikuwa na gololi. Kila alipochota dawa, nafasi inabaki juu, hewa inaingia, hewa inaila dawa. Kwa hiyo alinunua gololi za kioo pale soko la Kadutu, akaziosha, akazidondosha chupani moja moja mpaka dawa ikapanda tena mdomoni. Akafunga kizibo, akamwagia nta ya mshumaa. Ukiitazama ile chupa juani, uliona gololi zimelundikana ndani ya ule ukahawia, za bluu, za kijani, zote zinakutazama. Hata mimi sikupenda kuigeukia mgongo.

Alikuwa mtu wa kutatanisha. Alikaa benchi ya mbele kanisani, na alitukana kwa Kifaransa akigonga kidole. Alipima muda wa dawa kwa rozari, Salamu Maria moja baada ya nyingine huku akitikisa, na nikamwuliza kama huko ni kusali au kuhesabu. "Vyote mbili," akasema, "Bikira hakatalake kunisaidia." Alipiga picha mji mzima na hakukubali kupigwa hata moja. Alikuwa bahili wa chumvi, lakini picha ambayo mteja amefumba macho hakuitoa. Aliirudia, karatasi yake, dawa yake. "Macho ya kufunga ni ya maiti," alisema. "Mutu muzima lazima aangalie." Akishaona umepepesa, roho yake haikutulia.

Sasa nifike kwenye langu.

Furaha alikuwa binti yangu wa kwanza. Siku ya komunyo yake tulimwazima gauni jeupe, akashika mshumaa, akasimama kwenye ukuta wa nyumba yangu. Simu sikuwa nayo wakati ule, hata ya kibonyezo. Papa Labo akashuka na ile kamera yake kubwa ya kutazamia kwa juu, ambayo picha yake moja inakaribia upana wa kiganja. Filimu ilikuwa ya mwisho aliyokuwa nayo na bado ilikuwa na nafasi. Akainama, akabonyeza. Halafu akainua kichwa na kukunja uso.

"Sijue kama amefunga macho."

"Rudia, basi."

Lakini Furaha alikuwa ameshakimbia, amesikia harufu ya nyama. Watoto wenzake walimwita. Papa Labo akacheka, kitu alichokifanya kwa nadra, akasema haidhuru, siku nyingine, filimu bado haijaisha.

Kabla ya Noeli homa ilimchukua binti yangu. Ilikuwa haraka. Nilimfumba macho mwenyewe, kwa vidole hivi.

Watu waliendelea kuniita Maman Furaha, na sura ya huyo Furaha ilikuwa sehemu moja tu duniani, ndani ya filimu ile, gizani, haijasafishwa. Nilipoweza kusimama nilipanda kule juu. Nikamwambia nisafishie. Akakataa. Nilidhani sijasikia vizuri.

"Hii dawa ya gololi iko ya mwisho na iko ya zamani," akasema. "Niko naipima. Kipande ya filimu ilitakiwa kuwa nyeusi, inakuwa kijivu tu. Nikimuingiza mutoto humo na dawa inashindwa, anatoka bila sura, na filimu haizaliwake mara mbili. Ngoja. Nimetuma Bujumbura."

Nikangoja. Unga wa Bujumbura haukuja. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Aliyetumwa alirudi akisema huko nako wenye kuuza unga huo wamekufa au wanauza simu. Kila mwaka nilipanda kumwomba, kila mwaka alinijibu ngoja, na kila mwaka nilishuka nikilia kwa hasira. Nilimwambia anajiona Mungu. Nilimwambia anakaa na mtoto wangu kama mateka. Aliyapokea yote, akawa anadondosha gololi nyingine chupani, kwa sababu dawa ilikuwa inapungua yenyewe. Nilimchukia, jamani, msinione mtakatifu. Kuna siku niliomba afe ili niichukue ile filimu, halafu nikakumbuka kwamba akifa hakuna mwingine Bukavu mwenye kujua kuisafisha.

Ndipo kikaja hiki kipindi chetu cha sasa, tangu wenye bunduki wauchukue mji, ambacho huna wa kumwita. Ukipigwa, unapigwa. Polisi tuliowajua waliondoka, na waliokuja hatuwajui.

Kijana mmoja wa pikipiki wa pale Cimpunda alikunywa pombe na wenzake, akaenda kulala akitapika, asubuhi akawa amekufa. Karuho, wakasema. Nani? Mtu mmoja akakumbuka kwamba marehemu aliwahi kupewa chai kwa Papa Labo alipompeleka nyumbani na mzigo. Mwingine akakumbuka kucha. Mwingine akasema kile chumba hakina dirisha. Ilitosha.

Walikuja mchana kweupe, pikipiki zinanguruma mpaka pale njia inapogeuka ngazi, halafu kwa miguu. Niliwasikia nikiwa nachambua maharage. Nilipofika juu walikuwa wameshavunja mlango wa labo, wanatoa chupa nje na kuzipasua kwenye mawe kutafuta sumu. Harufu ilikuwa kali, kama ya kiberiti. Ardhi yote imelowa. Papa Labo alikuwa amesimamishwa ukutani, mdomo unamtoka damu. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu zinachukua video. Na mmoja alikuwa amekuja na tairi kuukuu. Sihitaji kuwaeleza tairi ni la nini.

Chupa moja tu hawakuipasua, ile ya gololi. Waliiogopa. Ilikuwa imewekwa katikati ya ua peke yake na watu wameizunguka kwa mbali.

"Ni macho ya batu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Muangalie, ameweka macho ya batu mu chupa!"

Kiongozi wao alikuwa kijana wa kofia nyekundu. Akaiokota kwa kitambaa, akamsogezea mzee.

"Onja."

Wote wakaitikia. Onja! Onja weye wa kwanza, muzee! Kwa sababu hiyo ndiyo desturi, hata mtoto anaijua. Asiye na sumu anaonja.

Papa Labo akatikisa kichwa. "Hii haionjwake," akasema. "Ndani ya tumbo iko sumu. Kwa filimu njo iko dawa."

Ee Nyamuzinda, Mungu wetu! Nilishika kichwa. Neno gani hilo la kusema mbele ya tairi? Nikasukuma watu, nikamfikia, nikamwambia kwa meno, "Papa, sema ni maji ya picha tu! Sema uongo kidogo!"

"Siwezi sema uongo juu ya dawa," akasema.

Akaomba awaonyeshe. Akatoa mfukoni kipande kifupi cha filimu kuukuu, kile alichokuwa anapimia, akafungua nta, akadondosha tone. Tukasubiri. Kipande kikaanza kugeuka kijivu, halafu kijivu cha kuiva. Dawa ilikuwa bado hai! Mimi nilitaka kupiga kigelegele. Lakini wao waliona kingine kabisa.

"Imeungua! Munaona? Tone moja tu, imeungua!"

Tairi likasogezwa. Hapo ndipo Papa Labo alipoinua mikono na kupaza sauti, sauti ambayo sikujua anayo. "Muniache nisafishe picha moja mbele yenu. Kama munaona mutu humo, mutu mwenye munajua, basi munajua kazi yangu ni nini. Kama hakuna mutu, mufanye yenye mulikuya kufanya."

Kofia nyekundu akafikiri. Wenye simu wakasema ndiyo, aonyeshe. Papa Labo akanigeukia mimi. Alikuwa na jicho moja limevimba. Akasema polepole, ili wasisikie wengine.

"Maman Furaha, filimu iko moja tu."

"Najua."

"Fiksateri bameimwanga yote. Hakuna kitu ya kumushika. Utamuona kidogo, kiisha mwangaza itamukula."

"Itamkula wote?"

"Wote. Sema hapana, na sitakuwekea kinyongo. Niko muzee."

Niwaambieni nilichohisi? Sikuhisi huruma kwanza. Nilihisi hasira. Niliwachukia wale vijana, niliichukia Bukavu, nilimchukia yeye kwa miaka yote ile ya ngoja, ngoja. Kama angenisafishia mwaka ule wa kwanza, fiksateri ikiwa imejaa! Binti yangu nilimzika mara moja, na sasa naombwa nimzike tena mbele ya watu wenye simu. Nikaliangalia lile tairi. Nikaangalia kucha zake. Nikamwambia, "Fanya mbio, Papa, kabla moyo wangu haijageuka."

Akaingia chumbani na ile kamera, filimu bado imo ndani, na kofia nyekundu akaingia naye kumlinda asije akaroga. Wakafunga upenyo kwa blanketi. Walipotoka, yule kijana alikuwa analowa jasho na Papa Labo alikuwa na kopo lake jeusi la plastiki, filimu imeshazungushwa ndani. Akainua chupa. Gololi zikagongana, watu wakarudi nyuma. Dawa ikaingia koponi, nyembamba, rangi ya chai hafifu. Akaanza kutikisa. Na kwa sababu hakujua kupima muda kwa njia nyingine, akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema..."

Akafika mwisho wa nusu yake, akanyamaza kidogo kama anavyofanya, na kutoka nyuma kule, bikizee mmoja wa kwaya akaitikia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Hakukusudia, nadhani. Mdomo ulijibu wenyewe. Ya pili wakaitikia watatu wanne. Ya kumi, wamama wote. Walikuja kumchoma na sasa wanamwitikia rozari, wengine na mawe bado mkononi. Mimi nilishindwa kuitikia. Nilikuwa nimeuma kitenge.

Alipomaliza akamwaga, akasuuza kwa maji, akafungua kopo. Alitaka kuitoa taratibu, kivulini, lakini kofia nyekundu aliikamata ncha na kuivuta yote mpaka juani. Papa Labo akapata mwisho wake, akauinua juu kwa mkono mmoja.

Nilimwona. Filimu ilikuwa nyeupe ya maziwa na juu yake binti yangu, mdogo kama kiganja cha kichanga. Kila kitu kilikuwa kinyume, gauni jeusi tii, mshumaa mweusi, uso mweupe. Kiatu cha kushoto hakikufungwa. Kidevu ameinua, vile alivyokuwa anainua akijiona mkubwa. Na macho ameyafumba. Palikuwa na mistari miwili tu, myembamba, vilevile nilivyomwacha.

"Hii ni negatifu!" bikizee wa kwaya akasema kwa nguvu. "Nyie batoto ba simu hamujui. Yezu Maria, ni Furaha! Ni mutoto ya huyu mama! Nilimufundisha nyimbo ya komunyo!"

Watu wakasogea. Simu zikasogea. Na kabla wa nyuma hawajafika mbele, gauni na uso vikaanza kukaribiana rangi. Uso ukawa wa majivu. Kidevu kikaondoka. Mshumaa ulibaki kidogo kuliko vingine, halafu filimu yote ikawa giza kutoka ncha hadi ncha, na Papa Labo akawa bado ameinua mkono.

Waliondoka. Hakuna aliyesema pole. Kofia nyekundu alisema tu, "Basi," akaenda mpaka kule kwenye ngazi, nikasikia anapiga pikipiki yake teke ikawaka. Tairi waliliacha uani.

Baadaye niliitafuta ile video. Ilipita kwenye simu za watu ikisemwa vingine kabisa, mchawi wa Cimpunda, na nilipoipata nilimwomba mpwa wangu aisimamishe pale filimu inapoinuliwa. Mara ngapi sijui. Ni mng'ao mweupe tu. Jua liliipiga kwa mbele. Unachoona vizuri ni yeye, Papa Labo, damu mdomoni, mkono juu, ambaye maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Nimeiweka kwenye simu yangu. Siifungui.

Wanawe walimhamishia kijiji cha Miti, nje ya mji, kwa sababu hata baada ya yote yale akina mama walikuwa wanavuta watoto wao akipita. Nilikwenda kumwona msimu wa mvua, nimemchukulia sukari. Alikuwa kitandani, uso umeelekea mlangoni, na nilipoingia alisema, "Nani?" ingawa nilikuwa nimesimama mwangani. Lile jicho lililovimba halikupona, na lile jingine lilikuwa limechoka kabla.

"Ni mimi, Maman Furaha."

Akanitafutia mkono. Kucha zilikuwa zimeanza kuota safi kutoka chini, nyeupe, kama za mtu mwingine. Mkwewe akaleta chai. Papa Labo akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akaonja, akafungua mdomo nione, akanirudishia. Nikanywa.

Tulikaa. Mvua ilikuwa inapiga bati na alisikiliza kwa muda, kisha akasema hii si ya kwanza, hii ingefaa.

"Ile siku," akasema, "mimi sikumuona. Niliinua tu. Jua ilikuwa mu macho."

"Ndiyo, Papa."

"Myaka yote ile nilikuambia ni dawa. Ilikuwa dawa, sikukudanganya. Lakini nilikuwa pia naogopa. Nilimupiga mara moja tu. Nilikuwa najiuliza kila siku." Akashika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyekonda namna ile. "Alifunga macho?"

Mimi ambaye sikuwahi kumwonea haya, niliyemtukania lengalenga mpaka avenue nzima ikatoka nje, nilimwangalia yule mzee asiyeweza kuniona.

"Hapana, Papa," nikasema. "Yalikuwa wazi. Alikuwa anakuangalia weye."

Akapumua. Vidole vikalegea mkononi mwangu.

"Nilijua," akasema.